Amana ya Maji

Mvua haina hesabu kwa mtu aitazamaye dirishani, lakini ina hesabu kwa mlinzi wa bwawa. Kwake yeye ni mali iliyo njiani, naye hana budi kujua kiasi chake kabla haijawasili. Akikadiria kupita kiasi, humwaga maji atakayoyalilia wakati wa kiangazi. Akikadiria pungufu, mafuriko hulikuta bwawa limejaa pomoni, na tuta huelemewa.

Hofu hizi mbili zakaa jirani katika Mkoa wa Morogoro. Kilosa yaogopa wingi wa maji. Mto Mkondoa hupita hapo ukitoka milimani, nao hupokea maji ya Kinyasungwe yatokayo pande za Dodoma; hivyo mji waweza kugharikishwa na mvua ambayo wenyeji wake hawakuiona. Bwawa la Kidete, juu ya mji, lilikuwa msaada wa kupunguza ukali wa maji hayo. Lilipoharibika, ngao iliondoka. Mwishoni mwa mwaka 2009 na Januari 2010 mto uliacha njia yake, maelfu ya watu wakapoteza makazi, na reli ya kati ikakatika.

Kusini ya Mikumi hofu ni ya uchache. Barabara itokayo huko hushuka hata Kidatu, ambako maji ya Ruaha Mkuu yalianza kuzalisha umeme mwaka 1975. Juu yake lipo bwawa kubwa la Mtera, ghala ya maji ya kiangazi. Mwaka 2006 ukame uliyapunguza maji ya mabwawa hata nchi ikagawiwa umeme kwa zamu.

Hesabu yenyewe ni nyepesi mdomoni. Mvua ya milimita 1 juu ya kilomita 1 ya mraba ni mita 1,000 za ujazo. Basi milimita 50 juu ya kilomita 100 za mraba ni mita 5,000,000 za ujazo. Lakini si maji yote yafikayo mtoni: mengine hunywewa na ardhi, mengine hushikwa na majani, mengine hurudi hewani. Sehemu moja katika tano ikitiririka, bwawa litapokea mita 1,000,000. Nusu ikitiririka, litapokea 2,500,000.

Nayo sehemu hiyo hubadilika. Mvua ya kwanza huikuta ardhi ina kiu; mvua zifuatazo huikuta imeshiba. Mlima wenye msitu hutoa maji kidogo kidogo, kama mwenye busara atoavyo maneno. Mlima uliofyekwa huyatoa kwa mara moja, pamoja na udongo wake. Udongo huo hutulia bwawani mwaka kwa mwaka, na mkadiriaji asiyepima kina upya hulikadiria bwawa ambalo halipo tena.

Chini ya elimu hii yote yupo mtu mmoja asiyesifiwa, ambaye kila siku saa tatu asubuhi husoma kipimo cha mvua na kuandika daftarini. Siku moja aumwa, au njia imejaa tope, asiende. Kesho yake ajaza pengo kwa kubahatisha, naye adhani hakumdhulumu mtu. Amekosea. Pengo lililoachwa wazi humwonya mkadiriaji. Pengo lililojazwa uongo humtuliza, naye hulala usingizi wakati ambao ilimpasa kufungua milango ya bwawa.

Lawama hiyo haimpati peke yake. Aliyemwajiri akamsahau, asimtengenezee kipimo kilichotoboka wala kumlipa kwa wakati, ni mshirika wake katika uongo ule. Tuta la saruji huonekana, hivyo hupata fedha na sherehe. Daftari halionekani, hivyo hupata vumbi. Hata hivyo, tuta halijui mvua ya kesho. Kinachoweza kulionya ni daftari, nalo huonya kwa kadiri ya uaminifu wa mkono ulioliandika.