Jamaa wa Akheri Alivyokula Hela ya Mahari kwa Manowari Isiyoenea Mezani

Wadau, hela ya mahari imeshaliwa na pombe, imeshaliwa na mikeka, imeshaliwa na michepuko. Hii ya kuliwa na manowari ndo mpya.

Huko Akheri, ukipanda kutoka Tengeru kuelekea mlimani, kuna jamaa wa miaka 26, fundi simu. Mchumba wake ni binti wa palepale. Baba wa binti alifanya kazi bandari ya Kigoma miaka kibao, akastaafu, akarudi kwenye migomba na kahawa yake. Jamaa alikuwa ameshaweka pembeni laki sita za kuanzia mahari. Ukoo ulishajiandaa.

Sasa bwana, jamaa akanasa kwenye video za watu wanaocheza vita vya majini mezani. Sio gemu ya simu. Kuna vimeli vidogo, rula ya kupimia mwendo, na dadu za kuamua kama mzinga umepata au umekosa. Akasema na yeye aanze. Na kama waanzaji wengi, akaanza na jina kubwa: Bismarck, ile manowari ya Wajerumani ya vita vya pili, skeli ya 1:350.

Piga hesabu. Bismarck yenyewe ilikuwa na urefu wa mita 251. Gawa kwa 350, unapata karibu sentimita 72. Meza ya sebuleni kwao ina mita moja na kidogo. Meli ikigeuka tu, pua inagonga chupa ya chai, nyuma inaning'inia hewani. Halafu ni ile ya kuunganisha vipande ukaiweka kabatini, sio ya kushikwashikwa. Ukiigusa vibaya, mzinga unabaki kidoleni. Na kubwa kuliko yote, ilikuwa moja. Hela ya kununua adui ilishaisha.

Binti alipouliza hela iko wapi, akaonyeshwa meli. Akaitazama, akamtazama mwenye meli, akachukua mkoba wake. Siku tatu simu inaita haipokelewi.

Jumapili jamaa akajikaza, akaenda mwenyewe kwa mzee kukiri, boksi kwapani.

"Shikamoo baba."

"Marahaba. Umeleta nini?"

Jamaa akafunguka yote, jasho linamtoka na baridi yote ile ya Meru. Mzee hakufoka. Alifungua boksi, akaangalia weee, kisha akauliza kitu kimoja tu: "Sasa hii inapigana na nani?"

Jamaa kimya.

Mzee akavuta kiti, akaanza habari za Liemba. Vijana wengi tunajua ni meli kuukuu ya Ziwa Tanganyika, basi. Kumbe ilizaliwa Graf von Götzen, meli ya Wajerumani. Iliundwa Papenburg, Ujerumani, mwaka 1913, ikafunguliwa vipande vipande, ikaja kwenye masanduku hadi Dar, ikapanda treni hadi Kigoma, ikaungwa upya na kushushwa ziwani 1915. Waingereza nao wakaleta boti mbili za mota za mita 12 hivi kila moja, kwa meli hadi Cape Town, kisha reli, na porini Kongo zikavutwa. Majina yake? Mimi na Toutou. Tarehe 26 Desemba 1915 zikaiteka boti ya Kijerumani iitwayo Kingani, Waingereza wakaipa jina la Fifi. Tarehe 9 Februari 1916, Mimi na Fifi wakaizamisha Hedwig von Wissmann. Götzen, kubwa kuliko zote, haikuwahi kupambana na zile boti. Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 wakati wanaondoka Kigoma, ila mashine walizipaka grisi kwanza. Waingereza wakaiibua 1924, na 1927 ikaanza kazi kwa jina la Liemba.

"Ungeanzia hapo," mzee akasema. "Boti nne, pande mbili, na unajua nani alimpiga nani."

Na hapo ndo penye somo kwa anayetaka kuanza. Kwanza chagua pambano, ndo uchague meli. Pili, nunua pande zote mbili kwa siku moja, hata kama ni meli mbilimbili. Tatu, skeli iwe moja, na iendane na ukubwa wa meli zako. Kwenye 1:600, sentimita moja ni mita sita: Mimi anakuwa sentimita 2, Götzen karibu 12, na zote zinaenea mezani. Kwenye 1:2400, Mimi ni nusu sentimita, anapotelea kwenye ufa wa ubao. Hiyo 1:2400 iache kwa wenye kundi zima la manowari kubwa.

Na kama mfuko umetoboka kama wa jamaa yetu, usinunue kabisa. Yeye alichukua kandambili iliyokatika, wembe na gundi, akachonga boti nne kwa jioni moja. Bismarck aliiuza kwa mwenye baa mmoja, akarudisha nusu ya hela.

Jumapili iliyofuata walicheza, mzee akiwa Mjerumani. Binti alipita na sinia la chai, hakusalimia. Akasimama nyuma ya baba yake kidogo, akaangalia dadu. Jamaa akatupa, akapata sita.

"Mimi nimezamisha Hedwig!"

"Wewe au Mimi?" binti akauliza, na akacheka bila kupenda.

Mzee akakusanya dadu. "Laki tatu bado unadaiwa," akasema. "Ila Jumapili ijayo uje mapema. Na uchonge Götzen."

Wadau, wewe ungekuwa binti ungemsamehe? Tiririka hapo chini.