Kitambaa cha Misisi

Atokaye Misisi kwenda Baraka wakati wa kiangazi husafiri na vumbi. Vumbi hilo humfuata hata Fizi, wala halimwachi mpaka aone Ziwa Tanganyika likimetameta chini yake. Safari yetu ya mwisho ilikuwa pamoja na mtambo wa boti, uliofungwa kwa kamba ndani ya lori, mfano wa mgonjwa anayerudishwa kwake kutoka hospitali.

Mtauliza: mtambo wa boti ulitafuta nini Misisi, mahali pasipo ziwa? Misisi ni mji wa wachimba dhahabu. Mashimo yao huingia maji, nayo hutolewa kwa pampu. Mawe nayo husagwa kwa mashine. Penye mashine nyingi hapakosi mafundi. Basi mzee mmoja wa Baraka, mwenye boti la mbao liendalo kwa mazutu, aliupeleka mtambo wake huko ubadilishwe pete za pistoni. Nasi, tuliokuwa tumekwenda kumjulia hali ndugu yetu, tukaombwa tumsindikize.

Siku ya pili boti likang’oa nanga Baraka kuelekea Ubwari, rasi ndefu iliyo ng’ambo ya ghuba. Burton na Speke walipofika huko mwaka 1858, waliidhani kuwa kisiwa. Ndani ya boti walikuwamo akina mama na mizigo yao ya unga, na watoto waliorudi shuleni.

Hatujafika katikati ya ghuba, mtoto mmoja akasema, “Baba, maji ya chini ya boti yana rangi za upinde wa mvua.”

Mzee akainama, akauzima mtambo mara moja. Kijiti cha kupimia kilionyesha kwamba mafuta ya mashine yamepungua sana. Mafuta yakiisha, vyuma husagana mpaka vikashikana, na mtambo hufa. Upepo wa kusi ulikuwa umeanza kuvuma, na akiba yetu ilikuwa kopo moja tu.

“Fundi yule amekula fedha yangu bure!” akasema mzee kwa uchungu. Kijana wake akashika spana ili akaze nati zote. Mzee akamzuia: “Ngoja, mwanangu. Ukikaza bila kujua ugonjwa, utavunja kilicho kizima.”

Mtambo ulipopoa kidogo, tukaupangusa mpaka ukakauka, tukamimina nusu ya kopo, tukauwasha polepole. Mafuta hutiririka kwenda chini. Kwa hiyo panapodondoka si lazima pawe ndipo panapovuja. Yapasa kutazama kuanzia juu na kutafuta mahali panapolowa kwanza. Tukaona ajabu: mafuta yalitoka mbele, penye mhimili, na ubavuni pia, penye gasketi, kwa wakati mmoja.

Mzee akanyamaza, kisha akauzima tena. Akalegeza kifuniko cha kutilia mafuta, na moshi ukatoka kwa nguvu, “fuu!” Akatikisa kichwa. “Mwalimu, mtambo huu umezibwa pumzi.”

Ndivyo ulivyo kila mtambo wa namna hii. Hata uliotengenezwa vizuri, hewa kidogo ya moto hupenya kando ya pistoni na kuingia tumboni mwake. Hewa hiyo hutoka kwa bomba dogo la kupumulia. Bomba likizibwa, hewa husukuma mafuta nje popote ipatapo upenyo.

Tulipolifungua bomba lile, tukavuta kitambaa cha bluu. Hapo tukaona haya. Fundi alikitia mbele ya macho yetu kule Misisi, lori likipakiwa, ili vumbi lisiingie, akatuambia, “Mkifika mkitoe.” Tukamsifu kwa uangalifu wake, kisha tukasahau. Mzee alikuwa akimlaani mtu asiye na kosa.

Kitambaa kilipotoka, uvujaji ukapungua, halafu ukakoma. Mafuta yaliyomwagika tuliyakusanya kwa kopo na matambara; hatukuyatupa ziwani. Akina mama wa Ubwari huchota humo maji ya kupikia, na ziwa hili lote lina mlango mmoja tu wa kutokea, mto Lukuga, kule Kalemie.

Njiani mzee akatukumbusha habari za Graf von Götzen, meli ambayo Wajerumani waliizamisha wenyewe ziwani humu Julai 1916. Kabla ya kuizamisha, mafundi wake waliipaka mitambo grisi nyingi. Waingereza walipoiinua mwaka 1924, mitambo ilikuwa ingali yafaa, na mwaka 1927 meli ikarudi majini kwa jina la Liemba. Mafundi wale walimfikiria mtu atakayeufungua mtambo baada yao. Fundi wa Misisi naye alitufikiria sisi. Wajibu wetu ulikuwa kulishika neno lake tu.

Tuliporudi Misisi tulikipeleka kitambaa kile, kimefuliwa, pamoja na salamu za mzee: “Mwambieni fundi nimemkosea.” Tukaongeza zetu, maana kosa lilikuwa letu. Fundi akacheka. Siku hizi, kila azibapo bomba, huacha mkia mrefu wa kitambaa ukining’inia nje, na huufunga kwenye mpini wa kuwashia, ili hata msahaulifu asiweze kuwasha mtambo kabla ya kuufungua.