MTOTO AKISEMA TUMBO LINAUMA, MUULIZE MARA YA PILI



Wiki hii shule zinafunguliwa. Hapa Nyacheki barabara itajaa masanduku ya bati, magodoro na wazazi wanaotafuta karo ya dakika ya mwisho. Lakini kuna nyumba ambamo sanduku liko tayari mlangoni na mwenye sanduku hataki kutoka kitandani. Tangu Jumamosi hali vizuri. Jumapili jioni tumbo linauma. Ukisema "basi kesho huendi," anapata nafuu. Mzazi mmoja anasema huyo ni mvivu. Mwingine anasema hilo ni pepo, aletwe kanisani akemewe.

Mzazi, ngoja kidogo. Fungua 1 Wafalme 19.

Eliya alikuwa ametoka kuwashinda manabii wa Baali kule Karmeli. Kisha ukaja ujumbe wa Yezebeli, akakimbia. Akaketi jangwani chini ya mti, akamwomba Mungu afe. Nabii mzima! Mungu hakumwita mwoga. Malaika alimpa mkate na maji, akamwacha alale tena, akamlisha mara ya pili. Kule Horebu ndipo Mungu alipomwuliza anafanya nini pale. Na alimwuliza mara mbili.

Mzazi, fuata utaratibu huo. Kwanza chakula na usingizi. Halafu uliza, bila fimbo mkononi. Jibu la kwanza litakuwa tumbo, na si uongo, hofu huumiza tumbo kweli. Uliza tena, polepole, mkichuma majani chai au mkimenya ndizi. Huenda wanafunzi wakubwa wanampiga bwenini. Huenda anakojoa kitandani na wenzake wanamcheka. Huenda binti hana pedi. Huenda amechoka kusomwa jina mbele ya darasa kwa sababu ya karo. Huenda anaogopa usiku tangu aliposikia habari za Endarasha kule Nyeri, ambako moto wa bweni uliua wavulana 21 Septemba 2024. Na yule wa chuo huenda amefeli mitihani, na anakumbuka ng'ombe aliyeuzwa ili asome. Hilo hawezi kukwambia kwa simu.

Lakini Mungu hakumwacha Eliya pangoni. Alimrudisha njiani na kazi ya kufanya, akamwambia kuna 7,000 ambao hawakumpigia Baali magoti, na akampa Elisha. Mtoto akikaa nyumbani wiki baada ya wiki, hofu inazidi kukua. Kwa hiyo nenda naye. Zungumza na mwalimu wa darasa yeye akiwepo. Mtafutieni Elisha wake, mwalimu mmoja au rafiki mmoja wa kumkimbilia. Mwambie siku utakayopiga simu, na upige siku hiyo.

Ila ukisikia anapigwa au kuna mtu anayemshika vibaya, usimrudishe kwenye mkono huo huo. Viboko shuleni vilipigwa marufuku Kenya mwaka 2001, na Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inakataza kumtesa mwanafunzi kimwili au kiakili. Piga 116, ni bure, usiku na mchana. Ripoti polisi. Jambo la mtoto kuharibiwa lisimalizwe nyumbani na wazee kwa mbuzi. Mungu halali na mbuzi huyo.

Na mtoto akisema heri afe, usimwambie anatafuta kuonewa huruma. Mpeleke hospitali siku hiyo hiyo, na usimwache peke yake. Tutaomba pamoja nawe ukiwa njiani. Maombi hayazuii daktari.

Wewe mwanafunzi unayesoma hapa usiku kwa simu ya mama, hofu yako si dhambi, na wewe si mtoto mbaya. Mwambie mtu mmoja mzima leo. Akikosa kukuelewa, mwambie wa pili.

Baba, watazame watoto wetu wanaobeba masanduku mazito na mioyo mizito zaidi. Utupe sisi wazazi masikio ya kusikia kabla ya midomo kusema. Katika jina la Yesu. Amina.

Kama una mtoto anayerudi shule wiki hii, andika jina lake la kwanza tu hapa chini, tutamtaja katika maombi. Nyasae abasesenie.