Samaki Niliyemwachilia

Nimekuwa kimya wiki kadhaa, programu moja ya malipo ilininyima usingizi. Leo naweka kompyuta kando niwasimulie jinsi nilivyomuua samaki huku nikidhani namhurumia.

Hapa Kamakis ukitaja samaki, mtu anafikiria tilapia wa kukaanga na ugali. Mjomba wangu akitaja samaki, ana maana ya trauti. Jumamosi moja alinichukua tukapanda hadi misitu ya Nyandarua, Mto Chania unakoanzia. Ni Chania huu huu unaoporomoka pale Blue Posts, Thika. Nikamuuliza, mbona tusivue Thika tu, karibu na nyumbani?

"Tia mkono majini," akasema. Nikatia. Vidole vikafa ganzi.

Jibu ndilo hilo. Trauti ni mgeni hapa kwetu. Yule wa kahawia aliletwa kutoka Uskoti mwaka 1905, Ewart Grogan akamtia katika Mto Gura. Yule wa upinde wa mvua, ambaye asili yake ni magharibi mwa Amerika Kaskazini, alifuata baadaye. Wote wanataka maji baridi. Kwenye usawa wa bahari, lita moja ya maji ya nyuzi 10 hubeba miligramu 11 hivi za oksijeni. Ya nyuzi 25 hubeba 8 tu. Tena joto hilo hilo huufanya mwili wa samaki udai oksijeni zaidi. Mahitaji yanapanda, akiba inashuka. Wenzangu wa seva mnaijua hali hiyo.

Chambo ni ndoana iliyofungwa manyoya ifanane na mdudu. Trauti hutulia karibu na jiwe, kichwa kikielekea mkondo unakotoka, akingoja chakula kimfikie. Basi unamnyatia kutoka nyuma. Nilirusha mshipi asubuhi nzima bila kitu, kisha ukakazwa ghafla!

"Mrudishe haraka," mjomba akasema.

Mimi nilitaka picha. Simu ilikuwa ndani ya mfuko, ndani ya plastiki. Nilimshika samaki kwa mikono mikavu, nikapiga picha nne, ndipo nikamwachilia. Akaelea tumbo juu.

Samaki aliyepigana na mshipi ni kama mtu aliyetoka mbioni: anahema. Ukimtoa majini, matamvua yake hushikamana, hawezi kupumua. Mikono mikavu nayo humwondolea ute unaomkinga na magonjwa. Nilidhani kuachilia ni sawa na kubofya kitufe cha kurudisha nyuma, kila kitu kikawa kama mwanzo.

Mjomba hakunigombeza. Alinipa kisu nimpasue. Ndani mlikuwa na mayai ya rangi ya machungwa, yamejaa kama punje za mtama. Trauti jike huchimba changarawe kwa mkia, akataga na kuyafukia humo. Haya yangu hayakufika.

Tulimla, maana kumtupa kungekuwa kosa la pili. Siku hizi nalowesha mikono kwanza, nabana kile kijino cha ndoana kwa koleo ichomoke upesi, na samaki habanduki majini. Picha ile ninayo, ni nzuri sana, lakini siiweki hapa.

Mkienda kuvua, kateni leseni. Na simu iacheni garini.