Niliiga mbio za Mbulu, kigimbi kikagoma

Mwenzenu nimekoma. Kushindana barabarani na watoto wa Mbulu sifanyi tena, maana hawa wenzetu nadhani walizaliwa wakikimbia.

Mimi ni mtoto wa Temeke niliyepelekwa Mbulu kikazi. Kabla sijahama nilipimwa presha, ikakutwa juu. Daktari akauliza kama kuna mtu wa familia aliyewahi kuugua hivyo. Nikamwambia baba alianguka kwa kiharusi akiwa na miaka 51, na siku ya tatu tukamzika. Akaacha kuandika, akanitazama. "Tembea, kimbia, fanya lolote, ila usikae tu." Kwa hiyo ukiniona na bukta saa kumi na mbili asubuhi usidhani natafuta umbo la kuwaringia akina dada. (Nalo likija silikatai.)

Mbulu yenyewe inakuchokoza ukimbie. Baridi inauma, ukipumua unatoa moshi kama gari bovu, na kila ukigeuka unaambiwa habari za wakimbiaji. Hapa ndipo kwao John Stephen Akhwari, yule aliyeanguka na kuumia goti kwenye marathoni ya Olimpiki ya Mexico mwaka 1968, akafungwa bandeji, akamaliza wa mwisho kati ya 57 waliofika, zaidi ya saa nzima nyuma ya Mamo Wolde wa Ethiopia. Washindani 18 hawakufika kabisa. Ukishuka Hanang, chini ya ule mlima wa mita zaidi ya 3,400, wanakutajia Gidamis Shahanga, aliyechukua dhahabu ya marathoni ya Jumuiya ya Madola kule Edmonton mwaka 1978, akarudi Brisbane mwaka 1982 akachukua ya mita 10,000. Sasa mtu wa Temeke ukishasikia hayo, damu inachemka hata kama mguu haujui kitu.

Wiki tatu za kwanza nilikwenda vizuri, kilomita tisa kwa wiki, polepole. Pumzi ikaanza kukaa sawa. Nikaona mambo si ndiyo haya!

Asubuhi moja barabara ya Dongobesh wakanipita vijana watatu wakipiga soga, hawahemi. Mmoja akageuka, akanitazama miguu, akasema, "Kaka, mbona unakanyaga kama unazima moto?" Wenzake wakacheka, wakayeyuka kwenye kona.

Iliniuma, lakini alikuwa amesema kweli. Wao walikuwa na hatua fupi, za harakaharaka, mguu unatua karibu chini ya kiuno, huusikii. Mimi nilikuwa narusha mguu mbele kabisa, natua na kisigino, kishindo kinapanda mpaka gotini. Mguu ukitua mbele ya mwili namna hiyo ni kama unajipigia breki mwenyewe kila hatua.

Basi bwana, siku hiyohiyo nikaamua kubadilika. Visigino marufuku, natua kwa vidole tu kama mwizi anayenyata. Na kwa kuwa pumzi ilikuwepo, nikapandisha kilomita kutoka tisa mpaka 32, wiki moja. Yote mawili kwa mpigo.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, kwenye kimlima, nikasikia "ta!" kwenye kigimbi cha kulia, kama mtu amenipiga jiwe. Niligeuka nyuma kumtafuta aliyerusha. Hakuna mtu. Nikakaa pembeni ya barabara mpaka mama mmoja mwenye tenga la kabichi akasimama, akanipa pole, akaita bodaboda.

Wiki sita sikukimbia. Ngazi nilishuka kinyumenyume. Kichekesho hicho kiliisha nilipokwenda kupima presha, nikakuta imerudi palepale ilipokuwa Dar. Usiku nililala nikiusikiliza moyo, nahesabu miaka iliyobaki kufika 51. Mama alipiga simu akauliza kama bado nakimbia, nikamdanganya. Huo ndio uongo ulionichoma kuliko mguu.

Aliyeniokoa ni mzee mmoja ninayekunywa naye chai karibu na stendi, aliyekimbia sana enzi za ujana wake. Nikamwamkia, akaitikia, akaniuliza mbona nachechemea. Nikamweleza.

"Kijana," akasema, "pumzi ni mwanafunzi mwepesi. Mishipa ya mguu ni mzito, anarudia darasa. Wewe umemfuata mwepesi."

Nikaanza kusoma na kuulizia, nikakuta mzee hakukosea. Moyo na mapafu vinazoea kwa wiki chache. Kano la nyuma ya kisigino halipati damu nyingi kama msuli, likazoea kwa miezi. Tena ukihamia vidoleni, mzigo unaoondoka gotini haupotei hewani, unahamia kigimbini na kwenye kano hilohilo. Wale vijana wameupokea mzigo huo tangu wanatumwa dukani. Mimi nilikuwa nao siku kumi.

Kuna kocha wa Marekani, Jack Daniels, aliyewahesabia hatua wakimbiaji kwenye Olimpiki ya Los Angeles mwaka 1984, akakuta karibu wote wanapiga 180 au zaidi kwa dakika. Nami nikajihesabu: mguu wa kulia, nusu dakika, mara 38. Zidisha kwa nne, 152. Zamani ningezirukia hizo 180 kesho yake. Lakini utafiti wa Wisconsin wa mwaka 2011 ulionyesha kuwa kuongeza hatua asilimia tano mpaka kumi tu, kwa mwendo uleule, kunapunguza mzigo wa goti. Kwangu ni 160. Visigino nimeviacha vitue vinavyotaka.

Kilomita nazo nimeanza na sita kwa wiki, mara tatu, mbili mbili. Hatua mpya dakika moja katika kila tano, nyingine najikimbilia ya kizamani. Watu wanaiabudu ile kanuni ya kuongeza asilimia kumi kwa wiki, mimi siiapii: Waholanzi wa Groningen waliijaribu kwa wanaoanza, wakatoa matokeo mwaka 2008, na waliopandisha polepole waliumia sawa na wengine, kama mmoja kati ya watano. Kwa hiyo naisikiliza asubuhi ya kesho yake. Kigimbi kikiamka kimekaza, siongezi hata mita. Kila wiki ya nne napunguza.

Huu ni mwezi wa tano. Nimefika kilomita 18 kwa wiki, presha imeshuka kidogo, na mama nimemwambia ukweli. Jumamosi wale vijana walinipita tena palepale. Yule mwenye mdomo akageuka, akasikiliza miguu yangu.

"Kaka, moto umezimika?"

Sikumjibu, nilikuwa nimefika thelathini na tisa.