Swali la binti yangu kwenye mwamba wa Kolo

Binti yangu ana miaka 14, yuko kidato cha pili hapa Dodoma. Zamani kumwamsha asubuhi ilikuwa vita. Siku hizi anaamka kabla yangu na kusimama mbele ya kioo. Nilijifanya sioni, hadi siku ya kufua nilipokuta kikaratasi kwenye mfuko wa sketi yake ya shule. Kilikuwa na jina la mvulana na kopa lililochorwa kwa kalamu nyekundu.

Kwanza nilicheka, kisha nikaogopa. Nikakificha kwenye pochi yangu, nikanyamaza.

Jumamosi iliyofuata tulipanda basi kwenda Kondoa kumsalimia mama yangu. Barabara ya Babati ni lami tupu sasa. Ukishapita Mayamaya ni vichaka vya miiba, mibuyu na ng'ombe, na ukikaribia Chemba mashamba ya alizeti yanaanza kukupungia mkono. Binti alikaa dirishani, kimya. Alijua karatasi yake imepotea, nami nilijua anajua.

Usiku nilimnong'oneza mama. Akacheka hadi akafuta machozi kwa kanga. "Mimi umri huo posa ilishaletwa," akasema. Aliolewa mwaka 1975 akiwa na miaka 15, na Sheria ya Ndoa ya 1971 haikuona kosa, kwani iliruhusu msichana wa umri huo kuolewa kwa ridhaa ya mzazi. Ilibidi mwanasheria Rebeca Gyumi aende mahakamani. Mahakama Kuu ilikubaliana naye mwaka 2016, na Mahakama ya Rufani ikaitupa rufaa ya Serikali mwaka 2019. Nilimuuliza mama kama alimpenda baba siku ile. Akanijibu, "Nani aliniuliza?"

Kesho yake nilimpeleka binti Kolo, kaskazini mwa mji, kuona michoro ya miambani iliyoingizwa kwenye Urithi wa Dunia mwaka 2006. Tulipanda kilima na mwongozaji, jasho likitutoka. Kwenye mwamba mmoja kuna watu watano wembamba waliochorwa kwa rangi nyekundu. Wa katikati ni mwanamke. Wawili wamemshika upande huu, wawili upande ule. Mary Leakey, aliyenakili michoro hii mwaka 1951, aliona mwanamke anayetaka kutekwa. Wapo wanaoona ngoma ya kiibada.

Binti aliitazama kwa muda mrefu. "Mama, huyu wa katikati, kuna aliyemuuliza anataka kwenda wapi?"

Mwongozaji alicheka. Mimi sikuweza, kwa sababu jibu la mama yangu la usiku lilikuwa bado masikioni.

Tukiteremka akaniambia bila kunitazama, "Mama, kile kikaratasi unacho wewe."

"Ninacho, mwanangu. Nisamehe."

"Sijamjibu."

"Unataka kumjibu?"

"Sijui. Ananichekesha tu darasani."

Tulikaa juu ya jiwe. Nilimweleza kwamba nilipovunja ungo niliambiwa sentensi moja: sasa umekua, usicheze na wavulana. Mwaka mzima niliamini kucheza kombolela na mvulana kunatia mimba. Akacheka mno, na kicheko kile kikafungua mlango. Tuliongea kuhusu mwili na namna mimba inavyopatikana, na kwamba "hapana" yake haihitaji maelezo. Tukaongea pia kuhusu mtu mzima anayempa msichana wa shule lifti ya bodaboda leo na chipsi mayai kesho, kisha anadai malipo. Hapo ndipo alipotaja mambo mawili yaliyowapata wenzake, ambayo singeyasikia kamwe kama ningekuja na fimbo.

Mzazi mwenzangu, sikudanganyi kwamba hofu imeisha. Nina wivu pia, maana kuna mtu mwingine anayemchekesha mwanangu. Lakini nilikuwa nimeielekeza hofu yangu mahali pasipo pake. Mvulana wa darasani mwenye kalamu nyekundu anataka kusimamiwa. Wa kuogopwa ni yule mtu mzima mwenye lifti, na nitamjua mapema endapo tu binti anaona ni salama kuniambia.

Jumatatu, sikukuu, tulirudi Dodoma. Ndani ya basi nilitoa kikaratasi kwenye pochi nikamrudishia. Tulikubaliana: masomo kwanza, hakuna kukutana kwa siri, na mimi sipekui tena mifuko yake. Alikikunja, akakitia ndani ya daftari, akageukia dirisha. Hatukusema neno hadi Chemba.

Hapo akanigeukia. "Mama, wewe wa kwanza kumpenda alikuwa nani? Kabla ya baba."

Nikatazama alizeti nje. Safari ilikuwa bado ndefu, na zamu ya kujibu ilikuwa yangu.