Neno Nililompa Jirani

Msimu wa korosho ulikuwa umepamba moto, mtaani kwetu Mtwara hewa yote ikinuka mabibo yaliyovunda. Jirani yangu alibisha hodi saa tano usiku, kanga moja kiunoni, nyingine kazibia mdomo. Nilimpa maji, nikampisha kitandani, kisha nikamwambia: "Vumilia, dada. Hela ya korosho ikiisha, mumeo ataacha uraka, atatulia."

Alirudi kwake alfajiri, watoto hawajaamka. Nami nilijiona nimemsaidia.

Neno lile bado limenikaa kooni. Korosho zile walizihangaikia wote wawili, na aliyeinama zaidi kuziokota ni mke. Malipo yakaingia akaunti ya mume. Mke alipouliza fedha za sare za shule, akapigwa. Mimi nikaulaumu uraka, kana kwamba pombe ina ngumi.

Sisi Wamakonde tunajisifu kwamba ukoo hufuata upande wa mama na mjomba ana sauti. Ni kweli. Lakini mjomba huitwa kusuluhisha, na suluhu nyingi huishia kwa mwanamke kubeba kanga zake na kurudi kulekule alikopigwa. Unyagoni tulifundwa kutunza siri ya nyumba. Sikumbuki kungwi aliyetuambia siri hiyo inaishia wapi.

Kumbe Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971, kifungu cha 66, inasema mwanandoa hana haki ya kumwadhibu mwenzake kwa kipigo. Sheria yenyewe imenizidi umri, nami sikuwa naijua.

Mara ya pili alipobisha hodi sikusema neno. Nilivaa viatu.

Kituoni askari wa zamu alianza kwa kumuuliza amemkosea nini mumewe. Jirani yangu akageuka aondoke, nikamshika mkono. Bahati akatokea askari wa kike wa Dawati la Jinsia na Watoto, akamkalisha, akaandika maelezo, akampa fomu ya polisi, PF3. Fomu hiyo hujazwa na daktari, nayo ndiyo itakayosema mahakamani siku jeraha limekwisha kupona.

Hospitali tulikaa hadi mchana. Mwenzetu mmoja wa kikoba, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, alibaki na watoto, mwingine akatuma nauli kwa simu. Jioni msaidizi wa kisheria alitufafanulia jambo tunalolichanganya wengi: baraza la usuluhishi wa ndoa la kata lipo kwa ajili ya kupatanisha. Kipigo ni jinai, na mahali pake ni polisi.

Sisi wa mjini tulikwenda kwa bodaboda. Anayetoka Msimbati, au vijiji vya mlangoni mwa Mto Ruvuma, anahitaji nauli ya kwenda na kurudi na siku nzima bila kuchokoa pweza, tena ndani ya gari ambamo kila abiria anamjua na anauona uso wake.

Utafiti wa kitaifa wa afya wa 2015-16 ulikuta wanawake 4 katika kila 10 wenye umri wa miaka 15 hadi 49 wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili. Kikoba chetu kina wanawake 30. Siku tuliyopiga hesabu hiyo, hakuna aliyecheka.

Jirani yangu anaishi kwa mama yake sasa, na watoto wote. Katika mfuko wa jamii wa kikoba tumetenga fungu la nauli ya usiku. Halirudishwi, wala anayelichukua haulizwi amekosa nini.